Tana: Mto, Ardhi na Safari ya Uongo

Machi 3, 1959, wafungwa wa Mau Mau katika kambi ya Hola, kando ya Mto Tana, walitolewa nje kwenda kuchimba mfereji wa kumwagilia mashamba. Walikuwa wameikataa kazi hiyo. Walijihesabu kuwa wafungwa wa siasa, na wengi wao hawakuwahi kusimama mbele ya hakimu. Siku hiyo askari wa kambi, wakifuata mpango uliopitishwa na wakubwa wa serikali ya kikoloni, waliwashukia kwa virungu. Watu 11 walikufa. Wengine wengi walibaki na majeraha mabaya.

Taarifa ya kwanza ya serikali mjini Nairobi haikutaja kirungu. Ilisema vifo hivyo vilitokea baada ya wafungwa kunywa maji ya gari la maji. Mtu aliyeijua Hola angeweza kuamini, maana jua la huko ni kali na mchimba mfereji hushikwa na kiu ya kufa mtu. Uongo uliotungwa vizuri hushika jambo la kweli, kama lile jua, ukajificha nyuma yake.

Wahenga walisema njia ya mwongo ni fupi. Ya Hola ilifika mwisho mapema: maiti zilipochunguzwa, alama za kipigo zilionekana. Julai 27 mwaka huohuo habari za Hola zilijadiliwa usiku katika Bunge la Uingereza, na Enoch Powell, mbunge wa chama tawala chenyewe, akawaumbua wakubwa wake. Kupatikana kwa ukweli ni jambo moja, kulipwa ni jingine. Ilikuwa Juni 2013 Uingereza ilipokubali kuwalipa wazee 5,228 walioteswa enzi za Mau Mau pauni milioni 19.9. Tangu Hola, miaka 54 ilikuwa imepita, na wengi waliostahili kuinyoosha mikono yao walikuwa kaburini.

Nimeanzia Hola kwa sababu uongo ule haukutungwa bure. Ulilinda mpango: mfereji, shamba, kazi ya kulazimishwa na heshima ya serikali iliyojidai inawastaarabisha watu. Katika historia ya Tana iliyofuata, kila uongo uliomwaga damu ulikuwa na kitu ulichokilinda au kukitafuta: ardhi, kura au fedha. Leo tunapozungumza juu ya akili mnemba na upotoshaji wa habari, tukiutazama mtambo tu bila kumtazama anayefaidika, tutakuwa tumetazama gari la maji na kukisahau kirungu.

Mto na wenyewe

Tana ndio mto mrefu kuliko yote nchini Kenya. Huanzia Mlima Kenya na milima ya Aberdare, ukazunguka nyanda kavu za mashariki, ukapita Garissa, Hola na Garsen, kisha ukaingia Bahari Hindi karibu na Kipini. Chini ya Garsen maji hutawanyika na kufanya delta ya mabwawa, misitu na malisho. Kingoni, Wapokomo hulima mpunga, mahindi na ndizi, na kupanda miembe. Waorma na Wardei ni wafugaji. Kiangazi kikishika bara, makundi ya ng'ombe hushuka hadi delta, kwa kuwa ndiko nyasi zinakobaki. Ili kuufikia mto, ng'ombe hupita katika njia ziitwazo malka, zinazokatiza kati ya mashamba.

Mpango huo wa kugawana mto na malisho ulikuwa na wasimamizi wake. Wapokomo walikuwa na baraza la Gasa, Waorma walikuwa na Matadeda. Ng'ombe akila mahindi, wazee walikutana, fidia ikatajwa. Ugomvi haukukosekana, ila ulikuwa na mahali pa kupelekwa na watu wa kuusikiliza.

Kisha mto ukaanza kupangwa kutoka mbali. Mabwawa ya umeme yalijengwa juu yake moja baada ya jingine: Kindaruma mwaka 1968, Kamburu 1974, Gitaru 1978, Masinga 1981 na Kiambere 1988. Umeme ukaenda mijini. Huku chini, mafuriko ya msimu, ambayo mkulima wa mpunga aliyategemea na ambayo yaliotesha nyasi za mfugaji, yakabadilika. Ardhi yenyewe haikuwa na hati miliki. Sehemu kubwa ilikuwa ardhi ya amana, ikishikiliwa na baraza la wilaya kwa niaba ya wakazi, au ilikuwa mikononi mwa mashirika ya umma kama TARDA, mamlaka ya maendeleo ya mito Tana na Athi. Mwananchi angeweza kuzaliwa, kuoa na kuzikwa hapo bila karatasi hata moja yenye jina lake.

Mpango wa kupima ardhi na kutoa hati ulipoletwa mwanzoni mwa karne hii, mkulima aliuona kama ulinzi na mfugaji akauona kama ua wa kumfungia malka. Mwaka 2001 damu ilimwagika. Mapigano yakatulizwa, lakini swali la ardhi halikujibiwa.

Wageni wenye ramani

Swali hilo likiwa bado wazi, wakaja wawekezaji. TARDA na kampuni ya sukari ya Mumias zilipanga kulima miwa kwenye hekta zipatazo 20,000 za delta, na mwaka 2008 suala hilo likafika mahakamani. Mwishoni mwa mwaka huohuo zikaenea habari kwamba Qatar ingepewa hekta 40,000 ilime chakula chake, nayo igharimie bandari ya Lamu. Kampuni ya Bedford Biofuels kutoka Kanada ilikodi maelfu ya hekta za ranchi ili kupanda mibono ya kutengenezea mafuta ya magari. Nyingine kutoka Uingereza, G4 Industries, ilitaka kulima mbegu za mafuta, ikajiondoa mwaka 2011. Bedford nayo ilisambaratika. Wa Qatar hawakulima, na miwa ya Mumias haikuonekana.

Mtu anaweza kusema basi hakuna lililoharibika. Lililoharibika ni imani. Kwa miaka kadhaa wakazi wa delta walisikia habari za ardhi yao kwa minong'ono: nani ametia saini, nani amelipwa, kijiji gani kitahamishwa, malka ipi itafungwa. Mikataba ilikuwa ofisini, mbali nao, na karatasi zilipowafikia zilikuwa kwa Kiingereza cha mawakili. Penye ukweli uliofichwa, fununu hufanya kazi ya gazeti. Na fununu ilifundisha kila jamii kuamini kwamba jirani yake ameshaelewana na mgeni.

Mtaji haukuhitaji kudanganya mtu yeyote ili kuleta madhara hayo. Ulihitaji tu kuamua mbali na kunyamaza karibu.

Miezi mitano ya 2012

Agosti 2012 nchi ilikuwa ikielekea uchaguzi wa kwanza chini ya Katiba ya 2010. Nyadhifa mpya zilikuwa zinakuja: gavana, seneta, wawakilishi wa wadi, na bajeti ya kaunti ambayo Tana River haikuwahi kuiona. Idadi ya watu wa kila jamii ikageuka hesabu ya kura.

Tarehe 22 Agosti kijiji cha Riketa, cha Waorma, kilishambuliwa. Watu wasiopungua 52 waliuawa kwa mapanga na moto, wengi wao wanawake na watoto. Septemba 7 ilikuwa zamu ya Chamwanamuma, kijiji cha Wapokomo. Siku tatu baadaye, huko Kilelengwani, waliuawa watu 38, polisi wakiwemo. Rais Mwai Kibaki alitangaza kafyu na kupeleka askari 2,000. Mwezi huohuo wa Septemba, delta ya Tana ilitambuliwa chini ya mkataba wa Ramsar kuwa ardhioevu yenye umuhimu kwa dunia nzima. Dunia ilijua thamani ya ndege wa delta wakati watu wake walikuwa wakizika. Desemba 21, kabla ya jua kuchomoza, Kipao ilishambuliwa. Januari 2013 bado vijiji vilikuwa vikiungua. Kwa jumla waliokufa walizidi 150, na maelfu walikimbia makwao.

Waliouana hawakuwa wageni wao kwa wao. Walikuwa wakiuziana maziwa na mahindi, na watoto wao walikaa dawati moja. Kati ya shambulio na shambulio, kilichosafiri ni habari. Huku ilisemwa wenzetu wamepata bunduki, kule ilisemwa wapiganaji wamevushwa usiku kutoka nje. Simu ya mkononi ilikuwa imefika, ingawa mtandao ulikamatika hapa ukapotea pale, na hivyo mtu aliweza kupokea nusu ya habari na kukosa njia ya kuipata nusu iliyobaki. Kijiji kilichoamini kwamba kitashambuliwa kesho kiliona busara kushambulia leo.

Serikali iliunda tume ya uchunguzi chini ya Jaji Grace Nzioka. Na Februari 2013 Jaji Mumbi Ngugi wa Mahakama Kuu, akitoa uamuzi katika kesi iliyofunguliwa na wakazi wa delta, aliagiza mamlaka husika ziandae mpango wa matumizi ya ardhi na maji kwa kuwashirikisha wananchi wenyewe. Uamuzi huo haukuandikwa kuhusu uvumi, lakini ulikata mzizi mmoja wa uvumi: ulisema watu wana haki ya kujua na kusikilizwa kabla ardhi yao haijagawanywa.

Una Hakika

Mwaka 2013, shirika la Kanada liitwalo Sentinel Project, likishirikiana na kitengo cha utafiti cha iHub cha Nairobi, lilikuja delta kuchunguza jinsi habari zinavyosafiri. Kutokana na uchunguzi huo ikazaliwa huduma iliyoitwa Una Hakika. Mwenye kusikia fununu alituma ujumbe mfupi wa simu, au alimweleza balozi wa kujitolea kijijini mwake. Fununu iliandikwa, ikapimwa uzito wake: je, inaweza kusababisha mtu auawe? Kisha waliuliza mabalozi waliokuwa karibu na mahali panapotajwa, wazee, machifu, polisi na mashirika. Jibu lilirudishwa kwa ujumbe kwa watu wa eneo lile: habari hii ni kweli, habari hii si kweli, au bado tunaulizia.

Huduma hiyo haikuwanyamazisha watu. Fununu ikiwa kweli, walisema ni kweli. Ndiyo maana waliposema si kweli walisikika. Haikutegemea mtambo wenye akili. Ilitumia programu ya kawaida ya kuhifadhi na kupanga fununu. Nguvu yake ilikuwa mtu anayejulikana na majirani, mwenye uwezo wa kwenda upande wa pili wa mto, kuuliza na kurudi na jina lake likiwa safi.

Kazi hiyo ina gharama. Kuna pikipiki, mafuta, vocha, posho na siku nzima ya mtu. Gharama hizo zililipwa kwa misaada. Wala serikali haikuifanya kuwa huduma ya umma, wala kampuni za mawasiliano hazikutakiwa na sheria kuchangia, ingawa fununu na jibu lake vyote vilipita kwenye mitambo yao na kuziingizia fedha. Hapo ndipo lilipo jambo ninalotaka msomaji alishike. Tangu 2012 bei ya uongo imekuwa ikishuka mwaka hadi mwaka. Bei ya kuhakikisha haikushuka. Kutoka Garsen kwenda kijiji kilichozungukwa na maji bado ni mwendo uleule na tope lilelile.

Biashara ya mwendo

Wakati delta ikijifunza kuuliza, Kenya nzima ilikuwa inageuzwa soko la aina nyingine. Machi 2018 kituo cha televisheni cha Channel 4 cha Uingereza kilionyesha wakuu wa Cambridge Analytica, kampuni ya kampeni za kisiasa, waliorekodiwa kwa siri, wakijigamba jinsi walivyoendesha kampeni za urais nchini Kenya mwaka 2013 na 2017. Mwaka 2022, kabla ya uchaguzi wa Agosti, mashirika ya Global Witness na Foxglove yaliijaribu Facebook: yalipeleka matangazo yenye maneno ya chuki na wito wa umwagaji damu, kwa Kiswahili na kwa Kiingereza. Ya Kiswahili yalipitishwa. Ya Kiingereza yalirudishwa kwanza kwa makosa ya sarufi na lugha chafu, yakasahihishwa kidogo, nayo yakapitishwa. Tume ya Uwiano na Utangamano, NCIC, iliipa kampuni siku saba ijirekebishe. Siku zikapita na biashara ikaendelea.

Hilo si bahati mbaya ya mtambo. Kampuni ya mitandao huuza usikivu wetu kwa watangazaji. Habari inayotia hofu au hasira hushika jicho kuliko habari ya kutuliza, na jicho likishikwa fedha huingia. Kuajiri mtu anayejua Kiswahili cha Malindi, Kipokomo au Kiorma asome na kuzuia ni gharama isiyoleta faida, na katika hesabu ya soko gharama ya namna hiyo hukatwa kwanza.

Waliokuwa wakiifanya kazi hiyo walikuwa Nairobi, katika kampuni ya Sama iliyopewa kandarasi na Meta, mmiliki wa Facebook. Walitazama mauaji, mateso na ubakaji siku nzima ili sisi tusivione. Daniel Motaung, mmoja wao, alifungua kesi mwaka 2022. Mwaka uliofuata wengine zaidi ya 180 wakaenda mahakamani baada ya Sama kuacha kazi hiyo na wao kupoteza ajira. Januari 2023 jarida la Time lilifichua kwamba Sama hiyohiyo iliwatumia Wakenya kusoma na kutia alama maandishi machafu kwa ajili ya OpenAI, waundaji wa ChatGPT, kwa malipo yasiyofika dola 2 kwa saa. Hivyo akili mnemba inayosifiwa kwa adabu yake ilifundishwa adabu na vijana wetu kwa ujira mdogo, katika mji unaopata sehemu ya umeme wake kutoka mabwawa ya Tana.

Wapo pia waliolipia kwa uhai wa jamaa zao. Desemba 2022 Abrham Meareg, raia wa Ethiopia, aliishtaki Meta jijini Nairobi, akisema baba yake, profesa, aliuawa Novemba 2021 mjini Bahir Dar, Ethiopia, baada ya kuandamwa na machapisho ya chuki kwenye Facebook. Aprili 2025 Mahakama Kuu ya Kenya iliamua kuwa ina mamlaka ya kuisikiliza kesi hiyo. Uamuzi huo ni mzito: kampuni iliyo California inaweza kuitwa kujibu Nairobi kwa damu iliyomwagika Bahir Dar.

Kinachokuja

Mitambo mipya hutunga picha, sauti na video ya jambo lisilotokea, kwa dakika chache na bila mtunzi kuinuka kitini. Mwaka 2012 mwenye kutaka kuwachochea vijana wa Garsen alihitaji ujasiri wa kusema na watu wa kumsikiliza. Sasa anaweza kutunga sauti ya kiongozi akitoa amri ambayo hakuitoa, akairusha kwenye makundi ya WhatsApp ya jamii zote mbili, kila moja kwa maneno ya kuiudhi.

Hatari ya pili ni kubwa zaidi, nayo haisemwi sana. Watu wakizoea kwamba kila picha yaweza kutungwa, mwenye hatia atasema picha ya kweli imetungwa. Alama kwenye miili ya Hola ziliweza kuipinga taarifa ya serikali kwa sababu hakuna aliyeweza kudai kwamba zimechorwa na mashine. Mtesaji wa kesho atakuwa na jibu hilo mfukoni.

Wengine wanasema dawa ni kuipa serikali mamlaka ya kuamua lipi ni kweli. Sheria ya makosa ya kompyuta na mitandao ya 2018 iliweka adhabu kwa kuchapisha habari za uongo. Lakini mwishoni mwa 2024 vijana kadhaa walitekwa baada ya kusambaza picha na katuni zilizomkejeli Rais, na taifa likauliza waliko. Uongo wa gari la maji nao ulitoka serikalini. Mwenye kuweza kufaidika na uongo hawezi kuachiwa peke yake kipimo cha ukweli, awe waziri au kampuni.

Hata hivyo mtambo si adui kwa asili yake. Juni 2024, katika maandamano dhidi ya Mswada wa Fedha, vijana walitumia akili mnemba kuueleza mswada huo kifungu kwa kifungu kwa watu ambao wasingeweza kuusoma. Fikiria mikataba ya ardhi ya delta ingeelezwa hivyo mwaka 2008, kwa Kiswahili na kwa lugha za nyumbani. Fikiria maonyo ya mafuriko yakimfikia kila mtu kwa lugha yake kabla maji ya juu hayajashuka. Uwezo upo. Kinachokosekana ni mtu wa kulipia kazi isiyoleta faida ya haraka.

Na ardhi bado inauliza swali lilelile. Baada ya mafuriko makubwa ya 2024, mapigano yalizuka kaskazini mwa kaunti juu ya ardhi, na Oktoba serikali ikatangaza sehemu hizo kuwa eneo lenye vurugu na hatari. Akili mnemba haikuanzisha ugomvi huo. Ila itakapoukuta haujatatuliwa, itaupa mbio.

Uchaguzi mkuu ni Agosti 10, 2027. Kabla ya siku hiyo, Bunge lizilazimishe kampuni zinazovuna fedha za matangazo nchini kuchangia mfuko wa kuhakikisha habari, usioendeshwa nazo wala na serikali, wenye watu wanaolipwa vijijini na wanaojua lugha za wenyeji. Kaunti ya Tana River iwarudishe Gasa na Matadeda mezani, na iweke wazi kila mkataba wa ardhi kwa lugha ambayo mkulima wa kijiji cha Ngao na mfugaji wa Riketa wanaielewa. Mahakama ziendelee kuwaita wenye mitandao kujibu. Nawe msomaji, ikikufikia habari kwamba jirani yako anajiandaa kukuua, usiitume mbele. Mpigie simu mtu unayemwamini upande ule, umwulize. Waliouawa Riketa, Chamwanamuma, Kilelengwani na Kipao hawakupata majirani waliouliza kwanza.